Mvinyo wa Kale wa Liwali Ormando

Hapo zamani, katika nchi ya Italia, palikuwa na liwali aitwaye Ormando, mtu wa mali nyingi na akili haba. Baba yake alikuwa akichemsha mafuta ya mishumaa, na hilo si aibu, maana watu huhitaji mwanga. Lakini Ormando aliliona aibu, akaazimia kujitafutia ukoo mwingine.

Basi akanunua kasri bovu la mashambani, lililojengwa na mabwana wa enzi zilizopita. Mabwana wale walikwisha kufa, na kasri lilikuwa halina paa, mbuzi wakilala ukumbini. Ormando akaleta waashi, wakapandisha kuta, wakaezeka vigae, kisha akaleta mchoraji amchoree ukutani mababu ambao hakuna aliyepata kuwasikia, kila mmoja na pua ya Ormando usoni. Kazi ilipokwisha akawa anawaambia watu, "Hii ndiyo nyumba yetu tangu kale." Loo, mtu hana haya! Wale mbuzi walikuwa na haki zaidi ya kusema hivyo.

Mteremkoni, chini ya kasri, walikaa wakulima ambao mababu zao ndio walioipanda mizabibu ya pale, nao wakaitunza miaka yote nyumba ilipokuwa gofu. Ada yao ilikuwa kutoosha mapipa. Chini ya kila pipa waliacha mashapo mazito ya mvinyo wa zamani, wakiyaita mama, na kila mavuno wakamimina mvinyo mpya juu yake, mama akaulea mpaka ukakomaa. Ormando alipoyaona mashapo yale alijiziba pua. "Uchafu gani huu katika nyumba ya mababu zangu?" Akaamuru mapipa yote yamwagwe, yasuguliwe kwa maji ya moto na chokaa. Wakulima wakalia kama waliofiwa, naye akawacheka. Asiyejua maana haambiwi maana.

Ikawa Ormando akaalika wakubwa wa nchi, na mkubwa wao alikuwa Askofu Ilario, mzee asiyemwogopa mtu. Akawaahidi mvinyo wa kale uliowekwa na babu wa babu yake. Kisha akashuka ghalani kuutafuta, akakuta mapipa yanang'aa, hayana hata tone. Unadhani alijilaumu? Thubutu! Aliwaita wakulima uani, akawafokea.

"Siku ya karamu nataka pipa la mvinyo wa kale kama nyumba hii, uliotoka mteremko huu. Mkiuleta, mteremko ni wenu, ninyi na watoto wenu. Msipouleta, naing'oa mizabibu nipande maua, nanyi mtafute pengine pa kufia."

Mjane mmoja, Mona Bice, akapiga magoti. "Bwana wangu, ule wa kale uliumwaga wewe mwenyewe. Tutautoa wapi mwingine?"

"Hilo lako, mama. Mimi nimekwisha sema."

Basi hapo alikuwapo Nuto, hohehahe asiye na mbele wala nyuma, ambaye usiku hulala katika tanuri la mikate lililopoa. Watu walimwita punguani. Akajikuna kichwa, akasema, "Bwana, uniwie radhi, mimi sina akili. Nyumba hii ni ya kale vipi? Mbona vigae vilikuja juzi kwa punda, na kuta zinanuka chokaa?"

Ormando akaiva kwa hasira. "Mjinga wee! Msingi ni wa kale. Penye msingi wa kale, kilichowekwa juu yake chote ni cha kale. Na atakayebisha nitamkata ulimi."

"Nani abishe, bwana wangu?" akasema Nuto, akainama mpaka chini. "Mvinyo utauona."

Walipotoka nje, Mona Bice akamshika kanzu. "Nuto, umetuua! Utaupata wapi?"

"Kuku wako wanataga wapi, mama?"

Kuku wa Mona Bice walikuwa wakitaga katika kipipa kibovu nyuma ya zizi, ambacho watumishi wa Ormando hawakukiona, kwa hiyo hakikuoshwa. Nuto akawafukuza kuku, akatoa mayai na manyoya, akachungulia. Chini palikuwa na mashapo yaliyokauka, meusi, yameoza kwa kuachwa wazi. Akamimina juu yake mvinyo wa mavuno ya mwaka ule, ambao ulikuwa bado unatoa povu, akakiziba.

Siku ya karamu ikafika. Ormando akawatembeza wageni, akiwaonyesha nguzo na picha, na askofu alipouliza mbona rangi inashika kidole, akamjibu yale yale: msingi ni wa kale, basi vyote vya juu ni vya kale. Wageni wakatazamana. Kisha wakaketi, na Nuto akaleta kipipa, wakulima wakimfuata mpaka mlangoni.

Desturi ya nchi ile ni kwamba mwenye nyumba hunywa kwanza, akautaja umri wa mvinyo wake, na kikombe alichokisifu hukimaliza ndipo wengine wanywe. Ormando akanywa funda moja. Macho yakamtoka.

"Mwizi! Huu ni wa juzi, tena ni siki! Mkamateni!"

Nuto akapiga magoti. "Bwana wangu, usinihukumu kwa haraka. Chini ya pipa hili yamo mashapo ya babu yake Mona Bice. Huo ndio msingi. Ulio juu yake ni mpya, kweli, lakini wewe ulitufundisha kwamba penye msingi wa kale, kilichowekwa juu yake chote ni cha kale. Mimi sina akili, nimefuata fundisho lako tu, nawe ulituahidi mteremko tukikuletea wa kale."

Askofu Ilario akaegemea meza, akasema kwa upole, "Haya, bwana mkubwa, tuambie tujue. Mvinyo ni wa kale, au nyumba ni mpya?"

Ormando akatazama kuta, akatazama wageni. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imeishia mezani pale.

"Ni... wa kale," akasema.

"Na mteremko uliowaahidi watu hawa?"

"Ni wao."

"Sote tumesikia. Basi maliza kikombe, bwana, tusivunje desturi."

Akakimaliza, amefumba macho, wageni wakimtazama koo likipanda na kushuka. Kisha askofu akakipindua kikombe chake mwenyewe juu ya meza.

"Mimi nimezaliwa na wachunga kondoo," akasema. "Mvinyo wa watu wa ukoo mkubwa hivi haunifai." Na meza nzima wakapindua vikombe, wakimsifu mwenyeji kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, mpaka Ormando akainuka akakimbilia uani kutapika.

Hivyo ndivyo wakulima walivyobaki na mteremko wao. Mimi nimekoma hapa; anayeona nimemwonea Ormando na aende akanywe naye.