Mbayuwayu na Hisa Zilizo kwa Mjomba Fisi

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa digrii ukutani, buibui kahamia ndani. Hadithi?
— Njoo, ila njoo na ajira!
Ajira haipo. Chukueni hadithi.

Alikuwapo Mbayuwayu, kidege mwenye mkia wa mkasi na digrii ya uchumi. Alizunguka na bahasha yake mti kwa mti, na kila mti ukamuuliza, "Uzoefu unao?" Uzoefu angeupata wapi, ndani ya yai? Siku moja akachoka. Puruuu! Huyo, ng'ambo, nchi ya baridi, kuosha miguu ya korongo wazee.

Huko aliota kitu kimoja tu: kurudi kwao na asiondoke tena. Basi kila alichopata akakituma kwa Mjomba Fisi, amnunulie hisa za Kampuni ya Asali kwenye soko la hisa la mwituni. Gawio la kampuni ile hutolewa kwa asali yenyewe, likitosha, arudi. Broka alikuwapo, tena mwenye kibali. Lakini broka si ndugu, na kwetu mgeni hapewi hela wakati mjomba yupo. Baada ya muda akampigia simu.

Kriii! Kriii!
"Shikamoo mjomba. Hisa zangu zikoje?"
"Marahaba mpwa wangu! Zimepanda!"
"Na gawio?"
"Linakuja. Trust me."

Mwaka ukapita. Kriii! Kriii!
"Shikamoo mjomba. Hisa zangu zikoje?"
"Zimepanda, hihihiii!"
"Na gawio?"
"Linakuja. Trust me."

Lakini safari hii Mbayuwayu akasikia kitu nyuma ya ile sauti. Nya, nya, nya. Ulimi unalamba.
"Mjomba, unakula nini?"
"Dawa ya kikohozi."
Kikohozi gani hicho, akajiuliza, kinachokuja msimu wa asali?
"Mjomba, hisa zimeandikwa jina la nani?"
"La ukoo!"
"Ukoo wa nani?"
"Wa... Fisi. Kwani wewe si damu yangu?"

Mbayuwayu akakata simu. Miguu yote ile ya korongo, asali inashuka koo la Fisi! Ashitaki? Hakimu na Fisi hula sahani moja. Atukane? Fisi hana haya hata ya kukopesha. Kilichobaki ni ule ugonjwa wake wa utotoni: kuuliza. Kwanza akashika simu, bofyo, bofyo, akajifungulia akaunti yake mwenyewe pale sokoni. Tupu, ina jina lake tu. Kisha akapiga.

"Shikamoo mjomba. Eti kampuni ikianguka, Mfalme Simba humkamata nani: mwenye jina au aliyetoa hela?"
Kulamba kukakoma.
"Kuanguka? Nani kasema inaanguka?"
"Hakuna. Nauliza tu, mjomba."
"Basi naziuza leo hii!"
"Sawa. Na Simba akikuuliza, 'Fisi, ulijuaje mpaka ukauza?' utamjibu nini?"
"We mpwa!"
"Nauliza tu, mjomba."

Sasa, aliyesoma anajua: kampuni ikianguka, mwenye hisa hupoteza hisa zake, hakamatwi. Mbayuwayu alijua. Ndiyo mara ya kwanza digrii yake kupata kazi. Fisi hakujua, na tangu azaliwe hajawahi kuuliza. Anayeuliza huchelewa kula.

Tifu! Tifu! Tifu! Fisi mbio hadi sokoni, kwa karani Kobe.
"Hamishia zote kwa mpwa wangu! Ni zake, mimi simo!"
"Taratibu, bwana. Zikihama hazirudi."
"Hamisha, mzee!"
"Bahati yako ana akaunti hapa. Kaifungua akiwa huko huko."
Kaifungua ya nini? Fisi hakuuliza. Akagonga ukucha wake kama mhuri, pa!

Kumbe mwaka ule maua yalichanua mpaka nyuki wakalewa. Mizinga ikafunguliwa, asali ikamwagika chururu! Fisi akaja na ndoo. Kobe akaita majina, akafika mwisho. Fisi akalamba ndoo kavu.

Kriii! Kriii! Leo anayepiga ni Fisi.
"Mpwa wangu! Na gawio?"
"Linakuja, mjomba. Trust me."

Puruuu! Mbayuwayu akarudi, akajenga kiota chini ya paa la ghala la asali, na yupo hapo mpaka leo. Wale mnaowaona wakiondoka kila mwaka, hisa zao bado ziko kwa mjomba.

Funzo, watoto: msiulize maswali, ni utovu wa adabu. Hela zako mpe mjomba, digrii yako mwachie buibui.

Hadithi yangu imetua. Ikiwa tamu, ilambeni. Ikiwa chungu, iandikeni jina la mjomba.