Kidole Kilipenda

Kidole kilipenda, moyo haukuulizwa. Mmeusikia msemo huu sokoni, mkacheka, mkauliza umetoka wapi. Haukutoka mbali. Umetoka hapa hapa Mwandodo, na wapo ambao wangefurahi mkiusahau.

Babu yake Kadzo wa Ngumbao alichongewa kigango, ile nguzo ya mti anayosimamishiwa mzee aliyefariki ili roho yake ipate pa kukaa. Kigango hakihamishwi. Kikioza, kinaozea palepale. Lakini mwaka wa ile njaa, watu wakiwa kwenye foleni ya mahindi ya msaada, kiling'olewa kikauzwa ng'ambo. Likabaki shimo. Mvua zote zilizonyesha tangu hapo hazikulijaza.

Miaka thelathini na mmoja ikapita. Adhuhuri moja Kadzo, sasa kichwa chote mvi, alifungua simu akakutana na babu uso kwa uso. Ubalozi wa nchi kilikouzwa ulikuwa umeweka picha kwenye ukurasa wake: kigango ndani ya sanduku la kioo katika jumba lao la makumbusho, bega la kushoto limeliwa na mchwa vilevile alivyolijua. Chini wameandika: "Utamaduni hutuunganisha. Urafiki hauna mipaka."

Akapiga yowe. Kijiji kikaja. Kila mwenye simu akaitafuta picha ile kwenye yake, akabonyeza kile kimoyo chekundu. Si kwa kusifu! Babu humwoni ukanyamaza; sharti umwamkie, na pale hapakuwa na tembo la mnazi la kumwagia, ila kimoyo tu. Kufika alasiri, mioyo ilikuwa mia mbili na kumi na minne.

Tangu siku hiyo vidole gumba vyao vikawa baridi. Mtu alilima juani mpaka jasho likamtiririka, na kidole kile kimoja kiko kama cha maiti.

Kadzo akaandika barua kudai babu arudishwe. Akatumwa Bwana Otiato, afisa wa mawasiliano wa ubalozi, mwenzetu ndani ya suti yao.

"Mama, kesi iko wapi? Wenyeji wenyewe mliridhia."

"Tuliridhia lini, mwanangu?"

Akamgeuzia simu. "Someni hapa. Kijiji kizima 'wamependa'. Wakubwa wameshazipeleka takwimu hizi hadi wizarani."

"Tulikuwa tunaamkia!"

"Hakuna kitufe cha shikamoo, mama."

"Kwa hiyo ukiniamkia njiani, nyumba yangu inakuwa yako?"

Watu wakacheka. Kadzo hakucheka. Alimwongoza Otiato hadi kwenye shimo, akapiga magoti, akailaza simu yake ukingoni.

"Babu, nisamehe," alisema. "Kidole kilipenda, moyo haukuulizwa."

Akabonyeza, akaufuta moyo wake. Mia mbili na kumi na tatu. Kisha kumi na mbili. Kumi na moja. Hakuna aliyekuwa amegusa simu. Namba ilishuka polepole, kama mtu anayeteremka ngazi gizani, na kila iliposhuka mtu mmoja alishtuka akashika gumba lake: limepata joto.

Ilipofika sifuri, pale palipokuwa na uso pichani palikuwa na kisogo. Kigango kimewapa mgongo.

Otiato akafungua simu yake mwenyewe. Kisogo.

"Nani... nani amekigeuza?"

Shimoni mlipanda harufu ya mti uliochongwa sasa hivi.

Picha waliifuta. Barua zetu hawajazijibu hadi leo. Inasemekana walinzi wa jumba lile hukigeuza kila jioni, na kila asubuhi wanakikuta kinatazama ukuta. Na ukuta ule uko upande wa huku kwetu. Otiato aliacha kazi. Akikutana na mzee, humwamkia kwa mdomo, gumba amelikunja ndani ya ngumi.

Shimo tunalifagia, liko wazi, linangoja. Basi akija mwingine na suti na takwimu kuwaambia kwamba Mwandodo iliridhia, msibishane naye sana. Mwonyesheni shimo, mmwambie: kidole kilipenda, moyo haukuulizwa.