Kisu cha Jirani Siku ya Krismasi

Saa nne asubuhi ya Krismasi, mzee mmoja alipiga hodi nyumbani kwa jirani yake akiwa na kisu mkononi.

Msishtuke, wapendwa. Kisu kilikuwa kimefungwa kwenye kitambaa cheupe, na mzee alikuwa amevaa kanzu safi. Kila Krismasi alikuja hivyo. Nyumba ile ilikuwa ya Wakristo, yeye ni Mwislamu, na mtaa wao una desturi ambayo wengi wenu mnaijua: nyama ya sikukuu inachinjwa na Mwislamu, ili atakayeketi mezani, awe wa msikiti au wa kanisa, ale bila kuuliza. Akishachinja, anarudi kwake. Alasiri anakuja kula.

Mwenye nyumba alikuwa mama mjane. Wakati wa masika upepo uliezua paa la jiko lake, na mzee huyu alipanda juu na mabati yake mwenyewe akaliezeka. Alipoulizwa alipwe nini, alicheka tu. Basi mama akamtenga bata mzinga mmoja katika ufugaji wake, akamwambia: "Baba Mwanaidi, huyu ni wako. Krismasi tutamla pamoja, na wewe ndiye utakayeanza kunawa."

Alimlisha bata yule mwenyewe. Hakumruhusu mtu kumuuza wala kumtamani.

Siku moja kabla ya Krismasi wakafika wageni wake watatu: wifi yake, mwanawe Tumsifu, na mkwe wake, mke wa Tumsifu. Wanawake wakaanza kuulizana bata atapikwaje.

"Anachemshwa kwanza," wifi akasema. "Tangawizi, vitunguu saumu, unamwacha mpaka alainike. Halafu unamkaanga."

"Shangazi, ukimchemsha utamu wote unaishia kwenye maji," mkwe akasema. "Huyu ni wa oveni. Tena analala kwenye maji ya chumvi usiku kucha, ili nyama ya kidari isikauke."

"Maji ya chumvi? Kwani anaumwa jino?"

Mama mjane akacheka mpaka akaegemea ukuta. Yeye alitaka apikwe kwenye sufuria kubwa, makaa chini na makaa juu ya mfuniko, kama mama yake alivyopika.

"Wifi, makaa juu yataunguza ngozi, chini kubaki mbichi," akaambiwa.

"Na umeme ukikatika na oveni yenu, tutamla na damu?" mama akamgeukia mkwe.

Walibishana tangu chai mpaka chakula cha mchana kikapoa. Je, lilikuwa jambo baya? Hapana. Kila mmoja alitaka mgeni ale kilicho bora. Mwishowe mama akaamua: bata akatwe, kidari kiende kwenye oveni, mapaja kwenye makaa, mabawa na mgongo yachemshwe na kukaangwa. Baba Mwanaidi ataonja vyote, kisha atasema nani anajua kupika.

"Lakini alale kwenye chumvi, mama," mkwe akasisitiza. "Kwa hiyo lazima achinjwe leo."

"Basi achinjwe leo," mama akasema.

Tumsifu akaitwa. Akashika kisu. Mama yake akashika beseni. Nataka mlishike hilo: beseni alilishika yeye mwenyewe, na alikuwa bado anamweleza wifi yake namna ya kupanga makaa juu ya mfuniko.

Sasa turudi mlangoni.

"Karibu, Baba Mwanaidi," mama akasema. Walikuwa wamerudi kutoka ibada ya kwanza, na harufu ilikuwa imejaa uani. Alimshika mkono akamwongoza mpaka mezani. Kidari kimekauka vizuri juu, mapaja yana rangi ya kahawia, mabawa yanang'aa. "Tumekupikia namna tatu. Onja, kisha uwe hakimu. Huyu wifi yangu amenitukana tangu jana."

Mzee akatazama sahani. Akatazama kisu chake. Akauliza, taratibu kabisa:

"Nani kachinja?"

Tumsifu akainamisha kichwa. Wifi akaziba mdomo kwa ncha ya khanga. Mama mjane akavuta kigoda akakaa. Miaka yote ile mzee amekuja na kisu, na yeye amempokea mlangoni. Hakuna kitu alichokijua zaidi ya hicho.

"Wali," akasema hatimaye. "Nitakupakulia wali."

"Mama," mkwe akanong'ona, "wali tumeupika na supu ya bata."

"Basi kuna tetea. Tumsifu, kamlete tetea, Baba Mwanaidi atamchinja sasa hivi."

"Tetea anaatamia, Mama Tumsifu," mzee akasema. "Nimemwona nilipopita. Muacheni na mayai yake. Ndizi mbivu hamna?"

Wapendwa, nani katika nyumba ile hakumpenda mzee? Nitajieni mmoja. Kila jasho lililomwagika jikoni lilimwagika kwa ajili yake. Waliuliza kama atapenda iliyokaangwa. Waliuliza kama meno yake yataweza ngozi ya oveni. Waliuliza kila swali linalohusu chakula, wakasahau lile moja linalomhusu mlaji. Hawakumnyima. Walimpikia mpaka akakosa cha kula.

Na sisi? Tulikaa vikao vingapi kuhusu marumaru ya mlango huu wa kanisa letu? Wengine walitaka nyeupe, wengine rangi ya udongo, tukakasirikiana, tukapatana, tukaweka zinazong'aa. Ni nani kati yetu aliyeuliza kama bibi zetu wanaotembea na mkongojo wataweza kuzikanyaga mvua ikinyesha? Mtazame anayeketi jirani yako. Kama kiti kiko wazi, jiulize kwa nini. Tunasema tumemwandalia Bwana meza, na watu wake. Tumepika vizuri. Sibishi. Nauliza tu, kabla hatujawasha moto, tulimwita yule ambaye meza ni yake? Au tulishika beseni huku tukibishana kuhusu makaa?

Msinijibu mimi. Mkitoka, mpitieni mtu mmoja mkamuulize.

Mzee yule alikula ndizi, akanywa chai ya rangi, akashukuru. Alimwambia mama mjane paa la jiko linahitaji msumari upande wa mashariki. Kisha akachukua kisu chake, kikiwa bado kimefungwa kwenye kitambaa, akaenda nyumbani.