Mtoto wa Kombo Aitwe Nani

Mwenye kikohozi akohoe sasa. Kisa hiki kina mgonjwa wake tayari, sitaki wawili.

Maabara ya hospitali moja ilikuwa na wanawake watatu. Raya alijua kutengeneza chembe za dawa, ndogo kiasi kwamba ukipanga mia tano kwa mstari hazifiki upana wa unywele. Wa pili, jina lake Mgeni, alikuwa na jicho la mama mkwe: hakuna kilichopita chini ya darubini yake kikakosa kusemwa. Chausiku alizijua protini za damu kama mshonaji anavyovijua vitambaa.

Mgonjwa alikuwa Kombo, kinyozi, mwenye uvimbe kwenye kongosho, mahali ambapo kisu kiliogopa kugusa. Mkewe Saada, mja mzito wa miezi minane, aliweka nadhiri mbele ya watu: "Atakayemponya mume wangu, mwanangu atachukua jina lake."

Raya akatengeneza chupa mbili za dawa. Kwenye majaribio, chembe zake ziliua ugonjwa vizuri sana. Kombo akachomwa chupa ya kwanza. Siku ya tatu hakuweza kuinua kichwa.

Mgeni akachukua damu yake, akainamia darubini.

"Raya, chembe zako zimevaa."

"Zimevaa nini?"

"Protini. Zimeingia tu kwenye damu, protini zikazivamia kama watu wameona sinia la pilau. Walinzi wa mwili wakaona mavazi yale, wakadhani ni vijidudu, wakazimeza. Zimeishia kwenye ini na bandama. Kongosho halijaonja kitu."

"Lakini tulizijaribu kwenye damu."

"Damu ya nani?"

Ilikuwa damu yao wenyewe watatu, wazima, wameshiba chapati. Damu ya mgonjwa ina protini zake, na huvisha kivyake.

Ikabaki chupa moja, kutengeneza nyingine huchukua wiki mbili, na Kombo alikuwa anapumua kwa kuhesabiwa. Aliyehesabu ni Saada.

Chausiku akasema, "Kuvaa zitavaa tu. Basi nizivishe mimi kwanza." Akatoa damu ya Kombo, akachagua protini moja ambayo walinzi wameizoea, albumini, akazifunika chembe mpaka pasibaki nafasi ya vazi jingine.

Saada alisimama mlangoni, mkono tumboni. "Na mkikosea?"

"Dada, chupa ni hii tu," Chausiku akamjibu.

Wakamchoma. Siku ya kwanza, kimya. Siku ya nne, Saada akashikwa na uchungu, akajifungua binti wodi ya pili, akiuliza kila dakika kama mumewe bado yupo. Siku ya tisa, picha ikaonyesha uvimbe umenywea nusu. Kombo akaomba uji, akalalamika hauna sukari. Hapo wakajua anarudi.

Leo binti ana siku saba, siku ya kunyolewa na kupewa jina. Kombo amemnyoa mwenyewe, ingawa bado dhaifu, Saada akishindwa kutazama. Wanawake watatu wamefika.

"Bila chembe zangu," anasema Raya, "mngevisha hewa."

"Bila jicho langu," anasema Mgeni, "mngemchoma zilezile tena, leo tungekuwa msibani."

"Mlikuwa na dawa, mkajua kosa," anasema Chausiku, "na mgonjwa bado anakata roho. Nani aliyeifikisha?"

Kombo anajaribu mzaha: "Tumpe majina yote matatu."

"Nadhiri yangu ni jina moja," Saada anamkata. Amekunja uso kwa hofu. Wiki ijayo Kombo anachomwa tena, chupa mpya, na uvimbe nusu bado umo. Anaogopa kwamba akimtaja asiyestahili, nadhiri itakuwa haijatimizwa, na sindano hiyo itakwenda kombo.

Shehe ameshamwinamia mtoto sikioni. Anauliza, "Aitwe nani?"

Saada anawatazama nyinyi mliokaa. Je, wewe ungemnong'oneza jina gani?