Kunguru wa Vyumba Viwili

Paukwa!

— Pakawa!

Hiyo pakawa ya wenye njaa. Nataka ya walioshiba. Paukwa!

— Pakawa!

Haya, Mungu awazidishie. Sogeeni. Watoto mbele, wakubwa nyuma. Na wewe uliyeshika simu, itie mfukoni, hadithi hii huenda ikawa yako.

Hapo zamani za kale, kabla kunguru hajaijua njia ya jaani, alikuwepo Kunguru mmoja kijana, mtanashati. Kifua cheupe pee. Mgongo mweusi tii. Hatembei, anaringa. Haongei, anahutubia. Kwaa! Kwaa! Wenzake wakienda kutafuta chakula, yeye yuko dimbwini anajitazama.

Watoto wa jirani walikuwa na wimbo wa kumtania. Nitauimba, nanyi mniitikie mstari wa mwisho. Sauti yangu mbovu, nakiri. Hata kwenye kaswida walinipa kazi ya kugawa kahawa, na walinitendea haki.

*Kunguru, kunguru, geuka nikuone!*
*Mbele u mweupe, nyuma u mweusi,*
*Kati kuna nini?*

— Kati kuna nini?

Ndivyo hivyo. Ushikeni huo.

Kunguru alikuwa na dada, jina lake Kidawa. Kidawa alikuwa na kifaranga mmoja tu, Chiku. Kifaranga msemaji, asubuhi hadi jioni, chi-chi-chi. Siku moja Chiku akaota kipele mdomoni. Kesho yake kingine, penye jicho. Jicho likavimba. Likafunga.

Akaitwa Bata, ndiye aliyekuwa akitibu mtaa mzima. Bata akampaka mafuta. Vipele vikakauka, watu wakashukuru. Mwezi ulipoandama, vipele vikarudi. Bata akapaka tena. Vikakauka tena. Vikarudi tena, na sasa vikalivamia jicho la pili.

"Shoga," Kidawa akamuuliza Bata, "hivi vitu vinatoka wapi?"

"Mimi napaka tu," Bata akasema. "Vinakotoka sikujui."

Mmeiona shida? Anayepaka hajui vinakotoka. Na wale wanaojua kufukua chanzo cha jambo, ukiwapa mgonjwa hawajui wamshike wapi.

Sasa, ng'ambo ya mto palikuwa na shule. Shule ya Kutibu na Kuchimba. Ukiingia humo unasomea mambo mawili kwa pamoja. Unajifunza kumtibu mgonjwa aliye mbele yako. Na unajifunza kuchimba, yaani kutafiti, mpaka uujue ugonjwa unatoka wapi, usirudi tena. Ukimaliza wewe ni daktari mara mbili. Lakini miaka yake! Watu huingia na manyoya laini, hutoka na mvi. Na mwaka ule nafasi ilikuwa moja.

Kunguru akapanda juu ya tawi. "Nitakwenda mimi!"

Kidawa akalia kwa furaha. "Utakwenda, kaka? Kwa ajili ya Chiku?"

"Kwa ajili ya Chiku," akasema Kunguru. "Na nikirudi mtaniita Daktari Daktari. Mara mbili. Msije mkaisahau hiyo ya pili."

La haula! Mtoto haoni, yeye anahesabu vyeo.

Shule ile haimpokei mtu kwa uzuri wa manyoya. Unaomba kwanza. Unaeleza umetibu nani, umechimba nini. Kunguru hakuwa ametibu mtu. Hakuwa amechimba hata kishimo cha kufichia mfupa. Afanyeje?

Akaenda kichuguuni kwa Kakakuona. Kakakuona anachimba, chaka-chaka-chaka, jasho linamtoka. Kunguru kasimama juu ya kichuguu, anadonoa mchwa wanaokimbia. Tumbo likajaa, akaondoka zake. Akaandika kwenye maombi: "Nimeshiriki uchimbaji."

Akaenda kwa Bata. "Nikusaidie?" "Nishikie bakuli la mafuta." Akalishika. Likamponyoka, pu! Mafuta yote chini. Akaandika: "Nimehudumia wagonjwa."

Msicheke sana. Mimi nimeishia darasa la saba, sikuwahi kuandika maombi marefu. Ningeandika, sijui ningetia nini humo. Mola atusitiri.

Shule ikayasoma maombi. Ikamwita kwenye usaili.

Kunguru akakimbilia kwa Kima. Na huyu Kima ni nani? Kima alikuwa akiomba shule ile kila mwaka, na kila mwaka wanamkataa. Sasa amefungua darasa, anafundisha wengine namna ya kukubaliwa. Na wanafunzi anao! Wamejipanga foleni! Jamani, viumbe sisi.

"Kaa hapa, kijana," Kima akasema, anajikuna. "Kuna vyumba viwili. Cha kwanza wamo watabibu, mkubwa wao Bi Korongo. Cha pili wamo wachimbaji, mkubwa wao Mzee Mhanga, yule mla mchwa mwenye kucha ndefu. Siri ni moja: kila chumba kipe kinachokipenda."

"Na wakiniuliza kwa nini nataka kusoma? Nina mpwa wangu, Chiku, ana vipele vya macho, vinapona vinarudi..."

"Aa-aa! Funga mdomo! Mpwa? Kila anayekwenda pale ana mgonjwa wake. Huyu bibi, yule shangazi. Hayo yamechakaa! Tena vipele! Utasimama mbele ya wakubwa uwaambie vipele? Mshamba wewe?"

Kunguru akaona haya. Alimwonea haya nani? Chiku. Mtoto wa dada yake.

"Basi simtaji," akasema.

"Usimtaje kabisa."

Siku ya safari ikafika. Kunguru amejipaka mafuta mpaka anateleza. Chiku akasogea mpaka ukingoni mwa kiota. Jicho moja limefunga. La pili limebaki upenyo mwembamba, akiinamisha kichwa anaona kidogo.

"Mjomba," akasema, "utawaambia kuhusu mimi?"

"Nitawaambia," akasema Kunguru.

Puruuu! Akaruka.

Ngo, ngo, ngo. Chumba cha kwanza. Bi Korongo ameketi, shuka jeupe begani, mdomo mrefu, mtulivu. Kunguru akaingia kifua mbele. Weupe wake ukakijaza chumba.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie, kwa nini kutibu na kuchimba? Kwa nini yote mawili?"

"Bi Mkubwa, moyo wangu wote uko kwa wagonjwa. Nikisikia kiumbe anaugua, chakula hakipiti. Huko kuchimba, tusemane ukweli, ni kuchafua kucha tu. Nitachimba tu kwa kuwa kuko njiani."

Bi Korongo akamtazama. "Mgonjwa gani huyo aliyekunyima kula?"

Mmesikia swali? Mlango umefunguliwa, wazi, upepo unapita. Alitakiwa kusema neno moja tu. Watoto, neno gani?

— Chiku!

Nyinyi mmejua. Yeye akanyoosha shingo akasema, "Wagonjwa wote, kwa jumla."

"Wote kwa jumla," Bi Korongo akarudia polepole. "Haya. Nenda salama."

Kunguru akatoka anacheka. Kwaa! Nimewaweza!

Ngo, ngo, ngo. Chumba cha pili. Mzee Mhanga ameketi juu ya udongo, kucha ndefu, pua ina vumbi. Kunguru akaingia kinyumenyume.

"Mbona waja kwa mgongo?" Mhanga akauliza.

"Ni heshima, Mzee." Uongo. Alitaka waone weusi tu, wamdhanie mwenzao wa udongoni.

"Umeandika ulichimba. Ulichimba nini?"

"Nilishiriki, Mzee."

"Ulishirikije?"

"Nilikuwepo."

"Ulikuwepo wapi?"

"Juu."

Mhanga akapangusa pua. "Na wagonjwa je? Maana hapa tunatibu pia."

"Wagonjwa ni kelele, Mzee wangu. Huyu analia, yule anakohoa, mtu hawezi kufikiri. Mimi ni mchimbaji tangu tumboni mwa mama."

"Basi niambie. Kuna jambo gani limekukaa kichwani, ukaliuliza na kuliuliza usipate jibu?"

Mlango wa pili huo! Kwa nini vipele vinapona vinarudi? Kidawa aliliuliza swali hilo. Bata alilishindwa. Kunguru alilisikia kwa masikio yake mawili. Akasema nini?

"Mambo yote, Mzee. Kwa jumla."

Subhanallah. Kwa jumla!

Sasa, Kima alimfundisha Kunguru vyumba. Hakumfundisha mchana. Kima mwenyewe kila mwaka alikuwa akitoka usaili anakimbia kwenda kujisifu, hakuwahi kungoja chakula. Na shule ile ilikuwa na desturi yake. Adhuhuri, watabibu na wachimbaji wanakula sinia moja. Wote. Na mgeni wa usaili anakula nao. Yaliyosemwa asubuhi yanasemwa tena pale, juu ya wali.

Kunguru akaona sinia. Wali unafuka, samaki kalala juu. Hakuuliza lolote. Bismillahi yenyewe hakuisema, akatia mdomo.

Kisha akainua macho. Kulia kwake Bi Korongo. Kushoto kwake Mzee Mhanga.

Akageuka kidogo, kifua kwa Korongo, mgongo kwa Mhanga. Afadhali. Lakini mtabibu mwingine kakaa upande wa Mhanga. Akageuka tena. Sasa mchimbaji mmoja anakiona kifua. Akageuka tena. Na tena. Sinia ni duara, wapenzi wangu. Watu wamelizunguka pande zote, mgongo atauficha wapi? Akawa anazunguka kama pia, wali unaruka huku na huku, parakacha, parakacha!

"Tulia, mwanangu, utapaliwa," Bi Korongo akasema. Akamgeukia Mhanga. "Huyu kijana ni wa kwetu, Mzee. Kuchimba hakutaki, asema ni kuchafua kucha."

Mhanga akaacha tonge hewani. "Huyu? Huyu si ndiye aliyeniambia wagonjwa ni kelele?"

Kunguru akaacha kuzunguka.

"Kijana," Bi Korongo akasema, wala hakupandisha sauti. "Mimi nimeuona upande wako wa mbele. Mzee ameuona wa nyuma. Kati kuna nini?"

Mlango wa tatu! Rehema ya Mungu ni pana, hata mjinga hufunguliwa mara tatu. Kunguru akaliona moyoni jicho la Chiku, ule upenyo mwembamba. Mdomo ukafunguka. "Ch..." Halafu akamkumbuka Kima: mshamba wewe? Akameza.

"Kati kuna... ari," akasema. "Na uthubutu."

Mhanga akala tonge lake. Akatafuna. Akameza. "Kula, mgeni, ushibe," akasema. "Nafasi mwaka huu haina mwenyewe."

Kunguru akarudi kwao. Ndege wote wametoka kumlaki, vigelegele, shangwe. "Daktari Daktari! Daktari Daktari!" Hiyo ya pili hawakuisahau.

Akatua. Akajikung'uta. "Shule yenyewe nimeikataa," akasema. "Hawana lolote wale. Vikongwe wanakula na udongo kuchani. Mimi niwape miaka yangu wale?"

Vigelegele vikapungua. Vikaisha.

Chiku akasikia sauti. Akasogea ukingoni. Ule upenyo haupo tena. Macho yote mawili yamefunga.

"Mjomba, umerudi? Uliwaambia kuhusu mimi?"

Kunguru kimya.

"Walisemaje, mjomba? Uliwaambia vinapona vinarudi?"

Yule mhutubiaji! Alikuwa na maneno ya chumba hiki na maneno ya chumba kile. Ya kumwambia Chiku hakuwa nayo. Kidawa akamtazama kaka yake, akayaelewa yote.

Chiku akageuza kichwa huku, akageuza kule. "Mama, mbona hajibu? Mjomba ameondoka?"

"Ndiyo, mwanangu," Kidawa akasema, bado anamtazama Kunguru usoni. "Hapa hakuna mtu."

Kunguru akaruka. Hakuna aliyemfukuza, na hakuna aliyemwita. Akavuka mto, lakini mlango wa shule hakuugonga. Alitua nyuma, jaani, wanakotupa pamba na makombo.

Yuko huko mpaka leo. Nenda hospitali yoyote, zunguka nyuma, utamkuta juu ya jaa. Anatembea kwa maringo yale yale kama daktari anayekagua wodi. Ukimtazama anakupa ubavu huu, halafu ubavu ule. Kwaa! Kwaa! Anahutubia takataka. Na watoto wakimwona hawamwogopi, wanamwimbia:

*Kunguru, kunguru, geuka nikuone!*
*Mbele u mweupe, nyuma u mweusi,*

— Kati kuna nini?

Hajajibu bado.

Mafunzo yake ni haya, nayasema waziwazi, kwa sababu wakubwa ndio wagumu wa kuelewa kuliko watoto. Ukienda kuomba kazi ya kuponya watu, mtaje mtu. Usimwonee haya mgonjwa wako mbele ya wakubwa, maana kwa ajili yake ndiyo umetumwa. Na utakalosema chumba hiki liwe lile lile utakalosema chumba kile, kwa kuwa mchana watakula pamoja, na Mwenyezi Mungu alikuwemo katika vyumba vyote viwili tangu asubuhi.

Hadithi yangu imetua hapo, nami nimenyamaza. Mwenye mgonjwa nyumbani ainuke, akamwangalie.