Gunia la Bi Kindi na Tone la Kwanza la Mvua

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na nini?

Hamjui? Palikuwa na gunia la karanga na wingu jeusi.

Na nani tena?

Na Kindi, anatetemeka. Sogeeni karibu, na aliyekaa mlangoni aufunge, maana ngano hii ina makucha.

Bi Kindi alilinda shamba la Tembo tangu mkia wake haujajaa manyoya. Ndege akija, anapiga kelele. Ngedere akija, anapiga kelele. Alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka na meno ya mbele yakaanza kucheza. Na kindi asiye na meno, jamani, ataishije?

Tembo akamwita. "Umefanya kazi, mama. Sasa pumzika. Hiki ndicho kiinua mgongo chako." Akamshushia gunia la karanga zilizomenywa chini ya mti wake, pu! Kisha akaenda zake. Tembo akishalipa hageuki nyuma.

Mnadhani Bi Kindi alifurahi? Alifurahi kidogo, halafu akaogopa sana. Lile gunia ndilo lilikuwa chakula chake cha uzee wote. Likipotea, hapati jingine. Na mvua zilikuwa zinakaribia, na msitu ule ulikuwa na sheria ya Bwana Chui, mtoza ushuru: chochote kitakachokutwa nje na tone la kwanza la mvua ni cha Chui.

Maghala yalikuwa mawili. Ghala la Bondeni lilikuwa na mlango mpana. Unaweka upendavyo, unatoa upendapo. Wenye ghala wanazikopesha karanga zako kwa wakulima wapande, na wakivuna wanarudisha pamoja na nyongeza. Lakini nyongeza ikifika, Chui amekwisha kukaa kizingitini, analamba midomo. "Ushuru!" Anachota. "Ushuru!" Anachota tena.

Ghala la Mwambani lilikuwa juu, kwenye mapango ya Pimbi. Huko nako karanga zinakopeshwa, huko nako nyongeza inakuja, ila Chui haigusi hata punje. Zamani siafu walimwingia bibi yake puani, na kwa kile kilio akaapa kwamba yeye na uzao wake wote hawatagusa kilicho ndani ya Mwambani. Siafu hao ndio walinzi mpaka leo. Lakini bibi huyo hakuwa mjinga, aliweka na kizuizi: kila jina, mgongo mmoja, mzigo mmoja kwa msimu. Ukishatoa, hurudishi mpaka msimu mwingine. Wakubwa hawana shida ya kuweka, wao huchukua. Wanaokimbilia Mwambani ni wadogo, na mgongo wa kindi unabeba nini? Konzi ya karanga, ujazo wa kiganja tu.

Bi Kindi akakimbilia kwa jirani yake, Nungunungu.

"Jirani, nishauri. Niweke wapi?"

"Mie niliweka Bondeni, dada yangu. Kila mavuno zilizaa, kila mavuno Chui alichota. Leo nimezeeka, ninazo zile zile nilizoanza nazo, na wajukuu ndio walioongezeka."

"Basi niweke Mwambani?"

"Konzi kwa msimu? Utakufa gunia halijapungua."

"Sasa niweke wapi mie?"

"Mie nina miiba tu, jirani. Ghala sina."

Gururururu! Mbingu ikaunguruma. Bi Kindi akarudi mbio kwenye gunia lake, akalikumbatia, na mikono yake haikufika hata nusu.

Nyasi zikasema chaka. Zikanyamaza. Zikasema chaka tena, karibu zaidi. Kisha madoa yakatokea, na macho, na Bwana Chui akaketi kando ya gunia taratibu kabisa.

"Shikamoo, Bwana Chui."

"Marahaba, Bi Kindi. Naona kiinua mgongo kimefika. Utakiweka wapi?"

"Ndiyo nawaza, Bwana."

"Waza. Waza taratibu. Bondeni utabeba konzi konzi mpaka kesho. Mwambani hawatapokea zaidi ya konzi. Na wingu lile haliwazi." Akaulaza ubavu wake juu ya gunia. "Unaogopa, Bi Kindi?"

"Naogopa, Bwana Chui."

"Ogopa tu."

Moyo wa Bi Kindi ukapiga du! du! du! Aliliona lile wingu, aliyaona makucha, akajiona na yeye mwenyewe amelala chini ya mti bila jino wala punje. Lakini kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, na hofu ilivyozidi ndivyo macho yalivyozidi kumfunguka.

"Bwana Chui, mimi nimekwisha. Ila nakuogopea wewe."

"Unaniogopea mimi? Kitu gani?"

"Karanga zikilowa zinaota ukungu. Tone la kwanza likianguka zitakuwa zako, la pili litazilowesha, na wewe utarithi gunia bovu. Tumbo lako litaumwa, Bwana."

Chui akainua kichwa. Tumbo lake alilipenda kuliko watoto wake.

"Kuna mahali pakavu?"

"Kuna mahali pamoja tu. Baraza ya Mwambani, pale mbele ya mlango. Juu kuna jabali, mvua haipigi."

Manyoya ya Chui yakasimama. Hata yeye alikuwa na kitu anachokiogopa. "Kwa siafu?"

"Siafu wako ndani, Bwana. Baraza ni nje. Mvua ikianza, chochote kilichoko nje ni cha nani?"

"Changu," akasema Chui, na mate yakamdondoka. "Nje ni nje. Haya, lipandishe mgongoni."

"Mimi? Jipenyeze chini yake mwenyewe, Bwana. Mie nitakaa juu niushike mdomo wa gunia, zisije zikakumwagikia njiani."

Wakaondoka. Mwamba ulikuwa mkali, na makucha yalisema kwaru, kwaru, kwaru. Mifupa ya bega la Chui ilipanda na kushuka chini ya miguu ya Bi Kindi, na kila akihema, joto la kinywa chake lilirudi nyuma likamfikia usoni.

"Unaogopa, Bi Kindi?"

"Naogopa, Bwana Chui."

"Ogopa tu."

Gururururu! Kwaru, kwaru, kwaru.

"Mie nikila karanga nyingi," Chui akasema, "huwa natamani na kinyama kidogo cha kushushia. Unaogopa?"

"Naogopa, Bwana Chui." Na hilo halikuwa la uongo hata kidogo.

"Ogopa tu."

Wakafika barazani. Kwa desturi ya pale, Pimbi haufungui mlango mpaka asikie hodi, na akisikia hodi huuliza, na anayejibu ndiye mwenye mali. Bi Kindi akafungua kinywa apige hodi. Sauti haikutoka. Ile sauti aliyoimaliza shambani kwa Tembo ilikuwa imekwisha kabisa, wakati huo wa kuihitaji. Akajaribu tena. Pumzi tupu.

"Unahema nini huko mgongoni?" Chui akauliza, akaanza kugeuza shingo. "Shuka basi. Shuka nikuone."

Bi Kindi akayaona meno. Akapiga kelele kuliko zote alizowahi kuwapigia ngedere.

"Hodiii!"

"Migongo mingapi?" Pimbi akauliza kutoka ndani.

"Mgongo mmoja!"

"Mizigo mingapi?"

"Mzigo mmoja!"

"Jina?"

"Kindi, mlinzi wa shamba la Tembo!"

Mlango ukafunguka, ukoo mzima wa Pimbi ukaukamata mdomo wa gunia. Vuta! Vuta! Chui akageuka, gunia likateleza kutoka mgongoni likaingia ndani, puu! Bi Kindi akaruka nalo. Kucha likamfuata, kwaru! Likaondoka na manyoya ya mkia.

"Wezi!" Chui akanguruma. "Mgongo ule ni wangu!"

"Bibi yako alisema mgongo mmoja," Pimbi akajibu. "Wanyama wote tulidhani ni mgongo wa mwenyewe, maana nani atakubebea? Lakini hakusema wa nani."

Chui akanyanyua mguu aingie. Kizingiti kikasogea. Hakikuwa kizingiti, walikuwa siafu, wamejipanga, na wa mbele ameshayaangalia matundu ya pua yake. Mguu ukarudi chini polepole.

To!

"Tone la kwanza!" Chui akapiga kelele. "Kilichoko nje ni changu!"

Pimbi akachungulia. Barazani hapakuwa na gunia, hapakuwa na punje, hapakuwa na Kindi.

"Nje upo wewe tu, Bwana. Jichukue uende nyumbani."

Tangu siku ile karanga za Bi Kindi zinakopeshwa, nyongeza inaingia nzima, naye anakula kwa ufizi wake. Lakini mbingu ikiunguruma huukumbatia ule mkia wa kipara, na moyo hupiga du! du! du!

Ngano yangu imekomea mlangoni kwa Pimbi. Ikiwa tamu, tutafune wote. Ikiwa chungu, niachieni maganda.

Na funzo lake, wanangu, ni hili: msiogope. Mwoga hafiki popote. Na yeyote asiniulize Bi Kindi alifikaje Mwambani.