Anunuaye Juu, Aulize Ngazi

Anunuaye juu, aulize ngazi. Shangazi yenu alimwambia Mwanakhamisi maneno hayo alipoleta habari ya fleti anayotaka kununua ghorofa ya tatu. Mkacheka, kisha mkaniuliza yametoka wapi. Methali hii ilianza hivi.

Kwetu Lamu mtu huweza kuuza juu ya nyumba yake akabaki na chini. Ni desturi. Bi Mwanamize, mjane, alimuuzia dari, yaani paa bapa la nyumba yake, jirani yake Lali, seremala, ambaye hakuwa na pa kumweka mkewe na watoto. Wakaandika mbele ya mashahidi: "dari na hewa yote iliyo juu yake." Lali akajenga vyumba viwili juu yake. Ngazi ilikuwa ndani, katika ukumbi wa Bi Mwanamize, na hakuna aliyeiandika. Nani amwandikishe jirani ngazi? Ingekuwa kama kumwambia humwamini.

Bi Mwanamize alipofariki, mwanawe Shee alirudi kutoka Malindi, akatia kufuli mlango wa ukumbi.

"Shee, wanangu wako juu," Lali akamwambia.

"Karatasi yako nimeisoma, ami. Ulinunua hewa. Basi pita hewani."

Lali akaegemeza ngazi ya mbao ukutani, akawateremsha watoto mmoja mmoja, watu wakitazama. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi minane. Huyo hakuweza kupanda wala kushuka. Ilibidi ashushwe kwa kamba na kiti, akalala kwa dada yake.

Lali akaenda ofisi ya ardhi. Karani akamkunjulia ramani, akamwonyesha kiwanja cha marehemu.

"Na mimi niko wapi hapo?"

"Mzee, ramani hii imelala chini. Haina juu. Wewe hapa hupo."

Wazee wakamsihi Shee, asisikie. Mwisho Lali akaamua kuuza. Lakini vyumba visivyo na njia atavinunua nani? Mmoja tu, mwenye njia. Shee akataja bei yake, nayo haikufikia hata bei ya boriti alizoezekea Lali.

Mkewe Lali alipoulizwa sokoni kwa nini wamehama, hakumtukana mtu. Alisema maneno yale mliyoyacheka tu, akaendelea kuchagua samaki.

Nasikia siku hizi fleti huandikiwa hati yake, na ngazi na paa huwa za wote. Sawa. Lakini Mwanakhamisi, kabla hujatia sahihi, muuzaji akuwekee kidole palipoandikwa njia yako ya kupandia. Akikwambia, "Hilo dogo, dada, sisi si watu wa kugombana," chukua mkoba wako urudi nyumbani. Anunuaye juu, aulize ngazi.